Gari Lisilo na Sauti

Mdogo wangu wa kiume alitumia mwaka wake wa mwisho kubishana na watu asiowajua kuhusu gari ambalo lilikuwa bado halijatoka. Sisemi hivyo kwa kumdharau. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi nilikuwepo, nimekaa kwenye kigoda pembeni ya kitanda chake pale nyumbani Izigo, nikimfukuzia nzi huku nikisaga meno.

Gari lenyewe lilikuwa la umeme. Toleo la kawaida lilikuwa limeshatoka huko ng'ambo, na picha zake alikuwa nazo tele kwenye simu. Lakini ilivuma kwamba kampuni inaandaa toleo jingine, la mbio, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Mtu mmoja alikuwa amelinasa kwa simu likijaribiwa kwenye barabara yenye barafu, limebandikwa michoro ya weusi na weupe mwili mzima ili umbo lake lisijulikane. Video ilitikisika, ilikuwa fupi, na nusu yake ilikuwa miti. Mdogo wangu aliirudia mpaka mimi, nisiyejua gia wala breki, nikawa nakijua kikohozi cha yule aliyekuwa akipiga picha.

"Angalia matairi ya nyuma, dada," alikuwa akisema. "Yamepanuliwa. Watu hawapanui matairi bure."

Sikuona upana wowote. Niliona mkono wake ulivyokuwa umekonda pale ulipoishika simu.

Alikuwa bodaboda, na alikuwa na sifa ya kumfikisha abiria kabla hajamaliza kuogopa. Siku moja ya mvua alikuwa akirudi peke yake kutoka Bukoba, akaingia kona ya lami iliyokuwa imemwagikiwa matope kutoka shambani, pikipiki ikaenda upande wake na yeye akaenda wake. Hakugongwa na mtu, wala hakumgonga mtu. Madaktari walituambia uti wa mgongo umekatika, na kwamba kuanzia kifuani kwenda chini hatahisi kitu tena. Miguu ilibaki pale pale kitandani, mirefu, mizuri, haina hata mkwaruzo, na yeye akawa anaitazama kama mzigo ambao mtu kauacha kwake na kusahau kuurudia.

Mimi nina cherehani zangu Miembeni, mjini Bukoba. Kila Jumamosi nilifunga mapema nikaenda Izigo kumpumzisha mama na majirani waliomsaidia siku nyingine, kwa sababu mtu wa hali ile hageuzwi na mtu mmoja. Asipogeuzwa, ngozi inaoza. Tulikuwa tunashika shuka, mama upande wa kichwa, mimi upande wa miguu, tunamvuta na kumlaza ubavu mwingine, tunaweka mito mgongoni, tunauangalia mpira wa mkojo usijikunje. Kazi hiyo yeye aliipa jina. "Haya, tupige kona," alikuwa akisema, na midomoni anatoa mlio wa matairi. Kona ya kushoto, kona ya kulia. Mama alicheka kila mara. Mimi sikucheka hata mara moja, kwa sababu kona ndiyo iliyomlaza pale, na sikuona mzaha uko wapi.

Siku moja nilimwambia wazi. Nilimwambia mbio ndizo zilizomkata mgongo, na bado analala akizisifia mbio, na kama angekuwa na aibu angetazama kitu kingine, hata mpira.

"Sikuangushwa na mbio," akasema. "Niliangushwa na matope."

"Ungekwenda polepole yangekuangusha?"

Akanieleza, kwa upole ulionipandisha hasira zaidi, kwamba toleo la kawaida lina mota mbili, moja inazungusha magurudumu ya mbele na nyingine ya nyuma, kila moja na kazi yake. Wengi mtandaoni walikuwa wanaamini toleo la mbio litaongezewa mota ya tatu. Wachache walidai nne. Yeye aliamini tatu.

"Mimi nimebakiwa na ya mbele tu," akasema, akijigonga kifuani. "Ya nyuma imekufa. Lakini gari la umeme linaweza kutembea na mota moja, dada. La petroli haliwezi."

Nilitoka nje nikaenda kusimama migombani mpaka uso ukakauka.

Ubishi wao mkubwa ulihusu sauti. Gari la umeme halingurumi. Wapo waliosema gari la mbio lisilonguruma ni aibu, na kwamba kampuni itaweka spika za kutoa mngurumo wa uongo, pamoja na gia za uongo, ili dereva ajione anaendesha. Wengine walisema hayo ni maigizo. Mdogo wangu alikuwa wa hao wa pili na aliwashambulia wenzake kwa Kiingereza chake cha shule ya kata, kilichojaa makosa na dharau. Mtu aliyezoea kupiga honi tangu Muhutwe mpaka nyumbani sasa alikuwa anatetea ukimya. Alisema gari linalojiamini halina haja ya kupiga kelele. Siku nzima alikuwa hivyo, kidole kikikimbia juu ya kioo, na ndicho kitu pekee mwilini mwake kilichokuwa bado kinakimbia.

Mama hakuwa anafahamu hata kidogo. Hapo lazima nieleze jambo.

Mama alisoma madarasa machache, na Kiswahili chake ni cha darasani, kila neno na mahali pake. Kwake yeye, kile kinachopita kwenye nyaya ni taa. Taa zimekatika, taa zimerudi, simu imekosa taa. Umeme ni kitu kingine. Umeme ni ule unaotoka mawinguni, ambao kwa Kihaya tunauita enkuba, na ndio uliomuua tata, baba yetu. Alikuwa ameanika kahawa uani, wingu likaja kutoka ziwani, naye akakimbia kuikusanya kabla haijalowa. Mimi nilikuwa shuleni. Mama alikuwa mlangoni, alimwona.

Tangu hapo neno enkuba halikutajwa nyumbani kwetu. Mawingu yakijikusanya mama anafunika kioo cha kujitazamia kwa kanga, anazima taa zote, anakusanya simu na kuzifungia ndani ya blanketi. Mvua za Kagera mnazijua. Wakati wa masika mdogo wangu alinyang'anywa simu karibu kila alasiri, akabaki anatazama dari bila kitu, akihesabika kama aliyelala. Kumbe siku zote hizo mama alikuwa akimsikia anasema "gari la umeme, gari la umeme," na alikuwa akivumilia.

Jumamosi moja wanajumuiya wa kanisani walikuja kusali. Walikaa kwenye mkeka chumbani kwake, akina mama tu, na mwenyekiti wao, mama mmoja mnene mwenye roho nzuri na sauti ya kuamrisha, akauliza kijana anatazama nini muda wote kwenye hiyo simu hata rozari ikiwa imeanza.

Mama akainamisha kichwa. "Emotoka y'enkuba," akasema.

Gari la radi. Nilikuwa sijamsikia akilitamka neno hilo tangu tunamzika tata. Wote pale walijua tata alikufaje, na sasa wakawa wanamwangalia mdogo wangu na simu yake kwa macho mengine. Nikaruka kuwaeleza kwamba sivyo, kwamba ni gari la kawaida tu, lakini nilipotaka kusema kwa Kihaya nikakosa neno. Kila nililolishika lilinirudisha kwenye enkuba. Nikabaki nimefungua mdomo, mimi niliyesoma mpaka kidato cha nne, na mwenyekiti akawa tayari amepiga magoti.

"Ee Mungu," akaomba, "umeiona enkuba inavyoizunguka nyumba hii. Ilimla baba. Isimle na mtoto, waitu, tunakuomba."

"Isimle na mtoto," wakaitikia.

Ndipo mdogo wangu alipocheka. Tangu aanguke alikuwa akitabasamu, akitania, lakini kucheka hasa alikuwa hajacheka. Kilikuwa kicheko cha ajabu, cha juu juu, kwa sababu tumbo halikushiriki. Kilitokea kooni na mabegani tu, kikamtoa machozi, kikamletea kikohozi, na wale akina mama wakazidi kuomba kwa nguvu wakidhani ndiyo enkuba yenyewe inamtoka. Nilikasirika. Kisha nikamwona usoni, nikashukuru.

Walipoondoka alimwita mama akae karibu.

"Mama, si enkuba. Ni taa. Ni gari la taa. Unalichomeka ukutani kama simu, likishiba linatembea."

"Mbona unaliita umeme?"

"Waswahili ndio waliochanganya maneno."

"Ah, Waswahili," mama akasema, na lawama ikaishia hapo. Lakini hakuinuka. Alikuwa analikunja pindo la kanga yake na kulikunjua. "Linanguruma?"

"Halingurumi. Linapita tu."

"Hata likiwa na mbio?"

"Hata likiwa na mbio namna gani."

Mama akafikiri. "Ile yetu ilinguruma kwanza," akasema. "Baba yenu aliisikia. Aliisikia, badala ya kuingia ndani akakimbilia kahawa."

Akaenda kupika.

Kuanzia siku ile gari likawa la wote wawili. Nikifika Jumamosi namkuta mama anajua kwamba kuna mtu ameona kipande cha bawa la nyuma, kwamba kuna aliyedai breki zimebadilishwa, kwamba kampuni imetaja mwezi wa kulizindua. Asubuhi kabla ya salamu anamuuliza, "Wamelitoa?" Naye anajibu bado. Halafu analetewa uji. Mama aligundua kuwa gari linamlisha, akalitumia bila huruma. Akikataa kula anamwambia, "Kula, mwana wange. Litatoka ukiwa umekufa." Mimi maneno hayo yalinichoma. Yeye aliyasikia akafungua mdomo, akala.

Hapo ndipo na mimi nilipoanza kuliombea gari. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimekaa kwenye cherehani Miembeni, nashona sare za shule, najikuta nimefungua simu kutafuta habari za mota na betri kama mwendawazimu. Nilikuwa naliogopa na kulitaka. Kidonda cha mgongoni kwake kilikuwa kimeshafunguka, kidogo kwanza, kisha ngumi ingeweza kuingia, na muuguzi aliyekuja kukisafisha alikuwa ametuambia kwa uso mkavu kwamba tukilegea kidogo tu, sumu itaingia kwenye damu. Hatukulegea. Tulipiga kona mpaka mikono ikaota sugu. Lakini mwili uliolala namna ile una mambo yake, na nilikuwa naona kwamba kinachomfanya apigane ni ule mwezi walioutaja.

Mwezi ulipokaribia, kampuni ikatangaza kwamba uzinduzi umeahirishwa. Haikusema mpaka lini. Kulikuwa na maelezo mafupi, ya kistaarabu, kuhusu kuhakikisha ubora. Watu mtandaoni wakatukana siku mbili tatu, kisha wakahamia kwenye gari jingine.

Nilimkuta Jumamosi simu imelala kifudifudi kifuani kwake.

"Wanaweza kulitoa mwezi ujao," nikamwambia.

"Wanaweza."

"Pengine ndiyo wanaongeza mota ya nne."

Akasema, "Nipigisheni kona. Nataka kutazama ukuta."

Tukamgeuza. Safari hiyo hakutoa mlio wa matairi. Mama alirudi mlangoni na bakuli la ndizi akasimama nalo, akalirudisha jikoni. Aliyajaribu maneno yake yale, litatoka ukiwa umekufa, na kwa mara ya kwanza aliyasema kwa sauti ya kuomba.

Homa ilianza katikati ya wiki. Mama alinipigia simu akiwa hasemi, anapumua tu. Jirani mwenye pikapu akakubali kumpeleka mjini. Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, bomba la moshi limetoboka, inasikika kutoka kilima cha pili. Walimlaza nyuma juu ya godoro na dereva akaikimbiza mpaka Bukoba. Nilipowapokea hospitalini mdogo wangu alikuwa anatetemeka, midomo imekauka, na kitu cha kwanza alichoniambia ni kwamba yule jirani hajui kubadilisha gia.

Kwa kuwa mimi nilikuwepo mjini, mama alirudi Izigo na pikapu ile ile, apike chakula cha kuleta kesho yake. Yeye mwenyewe alitaka hivyo. Chakula cha kununua hakukiamini.

Nilikaa na mdogo wangu alasiri yote. Dripu ilikuwa inadondoka, dawa zilikuwa zinaingia, na daktari alinivuta pembeni akaniambia sumu imeshasambaa, tusubiri. Jua lilikuwa linaingia wodini kupitia madirisha ya upande wa ziwani. Mdogo wangu alikuwa akizama na kuibuka. Alipoibuka mara moja akanitazama vizuri, macho yamekuwa makubwa usoni.

"Dada. Wewe unasemaje? Ngapi?"

Nilijua anauliza mota. Mwaka mzima alikuwa anabishana na watu wa ng'ambo, na mimi hakuwahi kuniuliza maoni yangu, kwa sababu nilikuwa nimehakikisha hathubutu.

"Nne," nikasema. "Kila gurudumu na yake."

Akafumba macho. Nikadhani amezama tena.

"Huna akili," akasema polepole. "Betri itaisha kabla ya Muleba."

Kisha akatabasamu, na mimi nikaushika mkono wake nikamwambia ninampenda, jambo ambalo kwetu hatuambiani, na ambalo lilimfanya akunje uso kama aliyepewa dawa chungu. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Alikufa kesho yake asubuhi, wauguzi wakibadilishana zamu.

Kwetu mama hapewi habari kama hiyo kwa simu. Anatafutwa mtu wa kwenda kukaa naye, amsogelee taratibu, amshike. Nilimpigia mjomba, kaka yake mama, aliyeko Ijumbi, nikamwomba awahi Izigo kabla yetu. Akalia, akasema anakwenda. Yule jirani akaja tena na pikapu yake, tukamlaza mdogo wangu nyuma palepale alipokuwa amelala wakati wa kuja, nami nikakaa pembeni yake nikiushika ubao. Dereva aliendesha polepole. Alipunguza kila kona, akapita kwenye matuta kana kwamba amebeba mayai. Ile kona ya ajali aliipita kwa mwendo wa mtu anayetembea. Nilikuwa nataka kumpigia kelele akimbize.

Mjomba aliwahi, lakini hakuweza. Alifika akamkuta mama uani anamenya ndizi za kupeleka hospitali, akakaa, akaulizia hali ya kahawa, akasema mwaka huu senene watakuwa wengi. Alikuwa bado anatafuta pa kuanzia pikapu iliposikika ng'ambo ya kilima.

Yeye ndiye aliyenisimulia baadaye. Mama aliinua kichwa akasikiliza. Lilipokuwa likimpeleka mwanawe mjini, naye akiwa ndani yake, lilikuwa limepiga makelele ya kukimbia njia nzima. Sasa lilikuwa linapanda kwa gia ndogo, pole pole, likinguruma na kunguruma, na lilichukua muda mrefu sana kufika. Akaweka kisu chini. Akafunga kanga yake vizuri kiunoni. Tulipoingia uani alikuwa amesimama, hakuna aliyekuwa amemwambia kitu.

Tulimzika kwenye kibanja, shamba letu la migomba, karibu na tata. Wanajumuiya walikuja wote, na mwenyekiti wao alilia kuliko mimi. Zile ndizi zilizomenywa nusu zilibaki uani zikawa nyeusi mpaka mtu akawatupia mbuzi.

Gari lilikuja kutoka. Ilipita miezi, nikawa nimeacha kulifuatilia, na siku moja nikiwa Miembeni simu ikaniletea habari yenyewe. Jumamosi nikaenda nayo Izigo. Sikujua kama nifanye hivyo, lakini nilipoingia tu mama alinitazama mkononi, nikajua amesikia mahali, au amehisi.

"Wamelitoa?" akauliza.

"Wamelitoa, mama."

Tukakaa ubavuni mwa kaburi, chini ya migomba, nikamwonyesha. Jekundu, limeinama mbele, bawa nyuma, matairi mapana kama alivyosema. Mota tatu. Alikuwa amepatia. Nilipolitamka hilo mama akanipigapiga gotini bila kuacha kutazama. Kulikuwa na habari za spika za mngurumo wa uongo, anayetaka awashe, asiyetaka azime. Hizo sikumweleza.

Akaishika simu yeye mwenyewe, akaisogeza sikioni. Video ilikuwa inacheza, gari linapita kwenye barabara ndefu tupu kando ya bahari.

"Kweli halingurumi," akasema.

"Halingurumi."

Akaendelea kusikiliza mpaka ikaisha. Kisha akanirudishia simu.

"Ningependa ndilo lingemleta," akasema. "Ningemaliza kumenya ndizi zake."